Pikapu ya manyuali kila siku Dodoma: raha au mateso ya mguu wa kushoto?

Zabibu_Hombolo (mwanzisha uzi)

Mbukwenyi wakuu. Naomba tulijadili hili kwa undani, maana majibu ya "oto ni ya wazee" na "manyuali ni ya kizamani" hayamsaidii mtu anayetaka kutoa hela yake.

Pikapu inayotafutwa ni moja tu, ya dizeli, ya manyuali (gia unabadili mwenyewe kwa klachi, si oto inayojibadili), ifanye kazi zote za wiki. Jumatatu hadi Ijumaa ni Nala kwenda Mji wa Serikali Mtumba na kurudi, kwa maana ya kuuvuka mji mzima asubuhi na jioni. Jumamosi ni Hombolo, vumbi na makorongo, kurudi na kreti za zabibu au simtanki la maji. Mara moja moja Kondoa, au Iringa kwa njia ya Mtera. Bajeti inaangukia Toyota Hilux za D-4D (dizeli ya kompyuta) za lita 2.5, Isuzu D-Max za kwanza kwanza na Nissan Hardbody.

Wapo wanaosema ukiendesha manyuali kila siku goti linakufa ndani ya mwaka. Wapo wanaosema hakuna raha kama hiyo. Naomba wanaozijua hizi gari watoe hoja zenye vipimo.

Fundi_Kizota

Mbukwa mkuu. Nianze na goti, kwa sababu ndilo linalowatisha wengi bure. Klachi nzima ya Hilux au D-Max haichoshi mguu. Inayochosha ni klachi iliyochakaa, na ubaya wake ni kwamba inakuwa nzito polepole, mwezi baada ya mwezi, mpaka dereva anaamini ndivyo manyuali ilivyo.

Uzito unatoka hapa. Ndani ya presha pleti, ile sahani inayoibana diski ya klachi kwenye flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini), kuna springi bapa ya duara yenye vidole vinavyoelekea katikati. Ukikanyaga pedali, rilizi beringi inavisukuma vile vidole na diski inaachiwa. Diski ikiwa mpya ni nene na vidole vinakaa pale vilipopangiwa. Diski ikilika, presha pleti inasogea kuifuata flaiwili, vidole vinasimama zaidi, na nguvu ya kuvikandamiza inapanda. Kwa hiyo pedali iliyokuwa laini ikaanza kuwa ngumu, na sehemu inayoshikia ikapanda juu karibu na mwisho wa pedali, inakwambia diski inaelekea kuisha.

Kuna sababu nyingine tatu ndogo ambazo gereji nyingi hazizitazami: pale uma wa klachi, ule unaoisukuma rilizi beringi, unapoegemea pamekauka grisi, lile bomba ambalo rilizi beringi inateleza juu yake limepata makovu, na bushi za pedali yenyewe zimekauka. Bushi za pedali unazipaka grisi ndani ya dakika kumi bila kushusha kitu, na mguu unasikia tofauti siku hiyohiyo.

Kipimo cha kwanza cha kufanya ni uhuru wa pedali. Isukume kwa kidole mpaka uhisi imeanza kukaza. Kwa Hilux inatakiwa iwe milimita 5 hadi 15. Isipokuwa na uhuru kabisa, beringi inavigusa vile vidole muda wote, klachi haishiki sawasawa na diski inaungua taratibu. Uhuru ukizidi, klachi haiachii yote na gia zinalia, hasa ya nyuma.

Halafu mafuta ya klachi. Ni yaleyale ya breki, DOT 3 kwa pikapu nyingi hizi, na yabadilishwe kila miaka 2. Yananyonya unyevu, na yakishakuwa na rangi ya chai ya rangi yanakula raba za masta ya juu (pampu ya upande wa pedali) na silevu ya chini (ya upande wa giaboksi, inayosukuma uma). Kwa Dodoma kuna jambo la ziada: futa kifuniko cha chupa kwa kitambaa kabla hujakifungua. Vumbi la Julai hadi Oktoba likiingia mle ndani linakwaruza masta, na baada ya hapo inavuja.

Dereva_Kibaigwa

Naungana na fundi, ila nusu ya jambo hili iko kwenye mguu wa dereva. Manyuali inakuwa raha ukiacha kupigana nayo.

Foleni kwanza, maana ndiyo hofu ya mleta uzi. Hilux ya 2.5 ya gia tano ikiwa gia ya kwanza, umeachia klachi yote na hujagusa mafuta, inatembea yenyewe kilomita 6 au 7 kwa saa. Hiyo ndiyo kasi ya foleni. Acha nafasi ya gari mbili mbele yako na uiache itembee. Anayeing'ang'ania bampa ya mbele anakanyaga klachi mara thelathini pale ambapo wewe unakanyaga mara tano. Dizeli ina nguvu chini, haitazima kwenye tambarare.

Ukisimama kabisa zaidi ya sekunde tano au sita, weka nyutro na toa mguu kwenye pedali. Kukaa umekanyaga klachi kwenye taa kunachosha mguu na kunazungusha rilizi beringi chini ya mzigo bila faida yoyote.

Raundabauti: ingia ukiwa umeshaweka gia ya pili. Kubadili gia katikati ya mzunguko, mkono mmoja kwenye usukani na pikapu tupu nyuma, ndiyo namna ya kuyumba. Tuta vilevile: breki kwanza, shuka mpaka kasi ya kutembea, klachi, gia ya pili, achia kabla tairi la mbele halijapanda, kisha livuke likiwa linavutwa na injini. Rasta hazihitaji gia, inua mguu tu kwenye mafuta.

Wapi pa kubadili? Injini ya turbo kama 2KD, yaani ile D-4D ya 2.5 ya Hilux, ibadilishe kati ya mizunguko 2000 na 2500 kwa dakika. Isiyo na turbo, kama 5L ya Hilux za zamani au TD27 ya Hardbody, ikiwa na mzigo iache ifike 2500 hadi 3000. Msiikabe injini: gia ya tano, mizunguko 1200, mguu wote kwenye mafuta, gari linatetemeka na moshi mweusi unatoka. Huko si kubana mafuta, ni kuumiza injini na flaiwili. Na msisahau Dodoma tuko kama mita 1100 juu ya bahari. Injini isiyo na turbo inapoteza karibu asilimia 10 ya nguvu zake hapa ukilinganisha na Dar es Salaam, ndiyo maana gari lililosifiwa Kariakoo linaonekana zito kwenye mwinuko wa Kondoa.

Na mkono usikae juu ya gia liva. Uzito wa mkono unasukuma uma wa ndani ya giaboksi ukisugue kola ya gia inayozunguka. Baada ya muda mrefu gia zinaanza kuruka zenyewe.

Binti_Mpwapwa

Kaka zangu mnaieleza manyuali vizuri, lakini swali ni raha ya kila siku, si uzima wa diski tu. Naomba upande wa oto nao usikike.

Hilux Revo ya 2.4, iliyotoka mwaka 2015, ina injini ileile ya 2GD kwa aina zote mbili, lakini kwenye masoko mengi ya manyuali imewekewa mkazo (nguvu ya kuzungusha) wa Nm 343 na ya oto Nm 400. Juu ya hapo toki konvata ya oto, inayokaa mahali pa klachi na kufanya kazi kwa mafuta, inaongeza mkazo wakati wa kuondoka. Kwenye mchanga wa korongo oto haikati mwendo inapobadili gia, wakati manyuali ile nusu sekunde ya klachi inatosha tairi kuzama. Na hakuna diski ya kuungua ukiwa na tela la zabibu mlimani.

Kwa mtu ambaye siku tano kati ya saba ni foleni ya Mtumba, sioni kwa nini tumshauri kukanyaga. Anayependa manyuali aipende, lakini tusiseme haichoshi.

Fundi_Kizota

Dada, hesabu zako za Revo ni sahihi, na kwenye mchanga nakubaliana nawe kabisa. Ila mleta uzi ametaja bajeti ya D-4D ya 2.5, D-Max na Hardbody. Huko oto unazozikuta zimeshatembea sana, na oto iliyobebeshwa tani bila kubadilishwa mafuta yake inakufa kwa joto. Mafuta yakiwa meusi na yananuka kuungua, huko ndani pleti zimeshaliwa. Kuifungua oto ni kazi ya mafundi wachache na spea zake ni ghali. Klachi ya Hilux inabadilishwa hata Kongwa.

La pili ni betri. Hilux ya 5L au Land Cruiser ya 1HZ ni pampu ya kizamani. Ikishawaka inahitaji umeme mdogo tu wa kuifungua soleinoidi ya mafuta. Betri ikilegea unaisukuma: swichi iwe on, gia ya pili, klachi chini, watu wasukume mpaka mwendo wa mtu anayekimbia polepole, achia klachi kwa mkupuo kisha ikanyage tena mara inapowaka. D-4D nayo inasukumika, ila betri iwe na umeme wa kutosha kuamsha kompyuta na nozeli. Betri iliyokufa kabisa, hakuna kitu. Oto usihangaike kuisukuma.

Zabibu_Hombolo

Nashukuru sana, naona sasa hoja inakaa. Tuseme uamuzi ni manyuali, Hilux au D-Max ya mtumba. Mnunuzi asiye fundi anaijuaje klachi na giaboksi nzima ndani ya nusu saa ya kujaribu gari?

Fundi_Kizota

Nusu saa inatosha. Fika gari likiwa la baridi, mwambie muuzaji asiliwashe kabla.

Kabla ya kuwasha, kanyaga klachi mara kumi polepole. Isikwaruze, isipige kelele, irudi yenyewe mpaka juu. Chungulia pale masta ilipoungana na ukuta wa ndani juu ya pedali: kukiwa na unyevu, masta inavuja. Lala chini uangalie silevu ubavuni mwa giaboksi. Vuta kidogo ile raba ya vumbi, ikitoa mafuta silevu imekwisha. Angalia pia raba kubwa ya uma. Hii watu hawaijali, na kwa huku kwetu ndiyo inayoua klachi mapema: ikichanika, vumbi lote la barabara linaingia kwenye kengele ya giaboksi (kasha linalofunika klachi), linakaa kwenye diski na kwenye lile bomba la beringi. Diski inaanza kupiga kelele na gari linaondoka kwa kurukaruka.

Washa. Klachi ikiwa imeachiwa na gia nyutro, sikiliza. Sauti ya kukwaruza inayopotea ukikanyaga klachi ni beringi za giaboksi, shafti ya kuingilia. Sauti inayokuja pale unapokanyaga ni rilizi beringi. Ya kwanza ni ghali, ya pili ni nafuu lakini kazi ya kuifikia ni ileile ya kushusha giaboksi.

Kisha kanyaga klachi, hesabu mpaka nne, weka gia ya nyuma. Ikilia, klachi haiachii. Pampu pedali mara mbili tatu ujaribu tena. Ikiingia laini, tatizo ni upepo au masta, jambo dogo. Isipobadilika, ni diski iliyopinda au pailoti beringi iliyokwama katikati ya flaiwili.

Barabarani tafuta tambarare, ile ya kutokea Ihumwa inafaa. Weka gia ya nne ukiwa kilomita 40 kwa saa, kanyaga mafuta yote. Mizunguko ikiruka juu na kasi isiifuate, klachi inateleza. Harufu ya kuungua ikifuata, usijadiliane, kata bei ya klachi nzima na ufundi wake.

Mwisho sinkronaiza, zile pete za ndani ya giaboksi zinazolinganisha mwendo wa gia ili ziingie bila kulia. Panda na kushuka gia zote ukiwa na mwendo wa kawaida, hasa kutoka ya tatu kwenda ya pili ukiwa kama kilomita 35. Ya pili ndiyo inayokufa kwanza kwenye pikapu za mizigo. Ikilia pekee yake wakati nyingine ni laini, klachi haina kosa. Halafu ukiwa gia ya tatu, kanyaga mafuta uachie ghafla, mara nne au tano. Ikijitoa yenyewe, liache gari hilo.

Mtu_wa_Bahi

Wakuu, fundi kagusa kila kitu isipokuwa oili ya giaboksi. Watu wanaweka ya difu kwenye giaboksi kwa sababu zote ni nzito. Hapo panahitaji uangalifu. Sinkronaiza nyingi ni za shaba nyeupe au njano, na oili za daraja la GL-5 za aina fulani zina salfa inayoila shaba hiyo. Kama kitabu cha gari kinasema GL-4, weka GL-4 ya 75W-90. Pikapu za tani moja zinakula lita 2 hadi 3 kwenye giaboksi, na sanduku la fo-wili lina oili yake pembeni, karibu lita 1. Fungua tundu la kujazia kabla ya la kumwagia. Likigoma la juu na oili umeshaimwaga kupitia la chini, gari limelala hapo.

Na kile kipumulio cha juu ya giaboksi na difu kisafishwe. Kikiziba kwa tope la mbuga, joto linasukuma oili kupitia kwenye sili, na ikivuja mbele inafika kwenye diski.

Mzee_wa_1HZ

Vijana wangu, hongereni kwa mjadala wa maana. Mimi niongeze upande wa mzigo na milima, maana huko ndiko manyuali inakolipa.

Mleta mada ametaja simtanki la maji. Lita 1000 ni kilo 1000 kabla hujahesabu tanki lenyewe, na pikapu hizi zimetengenezwa kubeba karibu tani moja, dabo kebini pungufu ya hapo. Kwa hiyo tanki la lita 1000 likijaa tayari umezidisha. Jambo baya zaidi ni tanki la nusu. Ukibadili gia, gari linapunguza mwendo na maji yanakuja mbele na kulisukuma, kisha unapoachia klachi na kukanyaga mafuta yanarudi nyuma. Kwenye kona yanaenda upande. Afadhali tanki dogo la lita 500 lililojaa pomoni na kufungwa mbele ya eksele ya nyuma, kuliko kubwa lenye nusu. Kuondoka nalo ni gia ya kwanza daima. Kuondoka na ya pili ukiwa na mzigo ndiko kunakoila diski, kwa sababu unalazimika kuitelezesha kwa muda mrefu.

Kuondoka mlimani: hendibreki juu kabisa, gia ya kwanza, toa mafuta kidogo mpaka mizunguko 1300 au 1400, achia klachi mpaka pua ya gari inyanyuke kidogo na mlio wa injini ushuke. Simamisha mguu hapo. Sasa shusha hendibreki, kisha malizia kuachia. Hendibreki isiyoshika ni sababu kubwa ya klachi kuungua, maana dereva analizuia gari lisirudi nyuma kwa klachi. Itengenezwe kwanza.

Kushuka nako kuna kanuni. Ukitoka Iringa kuja Mtera unateremka Nyang'oro, na ukitoka Singida kwenda Shelui unateremka Sekenke. Chagua gia ukiwa bado juu, kabla mteremko haujaanza. Ukiwa na mzigo, gia ya tatu, na pale penye kona kali ya pili. Injini ndiyo ishike, breki ziguswe kwa mikupuo mifupi, kukanyaga na kuachia, zipate kupoa. Ukishateremka kwa kasi na nyutro ndipo utafute gia, haitaingia, na breki zikichemka pedali inakwenda chini bila kushika. Wanaoweka nyutro eti wabane mafuta wanajidanganya: kwenye dizeli za kompyuta, ukiwa ndani ya gia na hujakanyaga mafuta, nozeli zinafungwa kabisa. Kwenye nyutro injini inaendelea kunywa ili isizime.

Dereva_Kibaigwa

Mzee shikamoo, na asante. Naomba uongeze na la mchanga, Binti_Mpwapwa ameligusa na ni kweli manyuali ina udhaifu hapo.

Mzee_wa_1HZ

Marahaba. Udhaifu upo kwa anayebadili gia katikati ya korongo. Simama kwenye ardhi ngumu kabla ya mchanga, weka L4 (fo-wili ya mwendo mdogo), hasa kama una mzigo. Kwenye Hilux za Vigo, toleo la kabla ya Revo, sanduku la chini linapunguza mwendo mara 2.566, kwa hiyo gia ya pili au ya tatu ya L4 inakuvusha kutoka ukingo hadi ukingo bila kugusa klachi. Punguza upepo wa tairi mpaka psi 18 au 20, ujaze tena ukifika barabara ngumu. Ukiona gari limeanza kusimama, kanyaga klachi mara moja, usichimbe. Rudi nyuma kwa alama zako za tairi, kisha uje tena.

Kwenye mbuga za Bahi wakati wa mvua mambo ni hayohayo, ila tope jeusi halitaki kasi kubwa, linataka mwendo usiokatika. Ukiona klachi imeanza kunuka, zima kila kitu na uisubiri ipoe nusu saa. Diski ikishakuwa kama kioo kwa joto hairudi.

Gari lenye habu (vitovu vya tairi za mbele) za kufunga kwa mkono, funga kabla hujaingia, si ukiwa umeshazama.

Zabibu_Hombolo

Shikamoo mzee. Nimeelewa vizuri. Nina swali la mwisho upande wa gereji. Kama gari zuri litapatikana ila klachi imechoka, nini cha kusimamia wakati wa kubadilisha ili isirudiwe baada ya miezi sita?

Fundi_Kizota

Hili ni swali zuri kuliko yote kwenye uzi huu.

Nunua seti nzima: diski, presha pleti na rilizi beringi, pamoja na pailoti beringi. Kubadili diski peke yake juu ya presha pleti iliyochoka ni kupoteza hela ya ufundi, maana kazi kubwa ni kushusha giaboksi, si kufunga diski. Aisin na Exedy ni majina yanayotumika sana kwa Toyota na Isuzu. Linganisha diski mpya na ya zamani mezani kabla haijafungwa: kipenyo sawa, idadi ya meno ya katikati sawa, na iteleze kwenye shafti bila kukwama wala kucheza.

Propela zipigwe alama ya rangi kabla ya kufunguliwa zirudi mahali pake, la sivyo utapata mtetemo ukifika kilomita 80. Silevu ifunguliwe na kutundikwa kwa waya, isining'inie kwa mpira wake.

Giaboksi ikishuka, usiondoke gereji. Tazama vitu hivi kwa macho yako. Flaiwili: ikiwa na madoa ya bluu na nyufa ndogondogo, ipelekwe kwa mchonga vyuma isawazishwe, kuyumba kwake kusizidi milimita 0.1. Lakini pikapu zenye flaiwili ya vipande viwili, Ranger za T6 kwa mfano, haichongwi, inabadilishwa. Oili sili ya nyuma ya kranki (shafti kuu ya injini): ikitoa hata jasho, badilisha sasa. Ni sili ya bei ndogo, na ikivuja mwezi ujao diski mpya inalowa oili na kazi yote inarudiwa. Sili ya mbele ya giaboksi vilevile. Diski ya zamani nayo ipime: kichwa cha riveti kikiwa kimebakiwa na chini ya milimita 0.3 kutoka usoni, ilikuwa imekwisha kweli na hukudanganywa.

Presha pleti mpya inakuja na mafuta ya kuzuia kutu. Ifutwe kwa petroli safi au kisafishio cha breki, mikono isiwe na grisi. Grisi kwenye meno ya shafti iwe nyembamba kama ya kupaka nywele, ikizidi inarushwa kwenye diski. Diski iwekwe katikati kwa ile pini ya plastiki inayokuja na seti au kwa shafti ya zamani, upande wenye kitovu kirefu uelekee giaboksi. Bolti za presha pleti zikazwe kwa msalaba, kidogo kidogo, mpaka Nm 19 kwa Hilux. Fundi anayekaza moja mpaka mwisho kisha anaruka nyingine anapinda presha pleti, na gari litatetemeka kila likiondoka.

Ikishapanda, itolewe upepo. Chupa ya nusu lita ya DOT 3 inatosha, spana namba 10, mpira wa kuona ndani na kopo. Mmoja anapampu polepole mara tano anashikilia chini, mwingine anafungua skrubu ya silevu mpaka mapovu yatoke, anafunga, ndipo wa ndani anaachia. Mkiachia kabla ya kufunga mnavuta upepo upya. Chupa ya juu isikauke hata mara moja.

Kilomita 500 za kwanza uiendeshe bila tela na bila simtanki, ili diski ikae na flaiwili.

Binti_Mpwapwa

Fundi, hapo umenishawishi kwa upande wa matunzo, ingawa kwa foleni bado nasimamia oto. Lakini kama ni manyuali, basi mkao usisahaulike, hasa kwa sisi tusio warefu. Kiti kisogezwe mpaka klachi ikikanyagwa hadi sakafuni goti libaki limekunjwa kidogo. Likinyooka kabisa, kila mkanyago unavutwa na kiuno, na hapo ndipo maumivu mengi yanayosingiziwa klachi yanapotokea. Kisigino kikae sakafuni, pedali ikanyagwe kwa sehemu ya mbele ya mguu. Mgongo uwe umesimama, usilale. Hardbody na Hilux za zamani viti vyake vimebonyea upande wa mlango. Kubadilisha sponji kwa mshona viti ni hela ndogo kuliko unavyodhani. Na ndara ziachwe nyumbani, zinanasa chini ya pedali.

Dereva_Kibaigwa

Sahihi kabisa dada. Hata pikapu kurukaruka ikiwa tupu kunachosha kuliko klachi. Springi za nyuma zimepangiwa tani, na mtu mmoja ndani ya kebini hazimjui. Upepo wa tairi za nyuma ukiwa tupu uwe kama psi 29 au 30. Ukipakia panda mpaka kile kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango. Wengi wanajaza 45 Januari mpaka Desemba, kisha wanalaumu gari. Mifuko miwili ya mchanga ya kilo 50 iliyofungwa juu ya eksele ya nyuma inatuliza mkia kwenye mawimbi ya barabara ya vumbi na kwenye lami yenye maji. Usitoe jani la springi ili iwe laini, siku ya zabibu utalia. Badilisha shokapu kwanza.

Zabibu_Hombolo

Nashukuru wote. Jumamosi kuna D-Max ya kuangaliwa Nkuhungu, singo kebini. Itaangaliwa ya baridi, raba ya uma kwanza. Gia ya nyuma ikilia hata baada ya kupampu, nirudi hapa na bei aliyosema muuzaji?

Fundi_Kizota

Rudi. Njoo na usomaji wa kilomita, namba ya injini tujue kama ni 4JA1 au 4JH1, na picha ya chini ya kengele ya giaboksi. Oili ikiwa inadondokea kwenye kile kitundu cha chini, tutajua ni ya injini au ya giaboksi kwa harufu: ya giaboksi inanuka salfa, ya injini inanuka dizeli na moshi.